Jibu: Tajiri wa makaa aliyeingia siasa
Mkuu, umeuliza kama yupo tajiri wa makaa ya mawe aliyeingia siasa akawafaa wanyonge. Msome D. A. Thomas wa Wales, mbunge wa Merthyr tangu 1888. Mwaka 1910 wachimbaji wa kampuni zake waligombea malipo ya kila tani kwenye tabaka jipya la makaa. Wakafungiwa nje ya mgodi, mji wao wa Tonypandy ukawaka ghasia, serikali ikapeleka askari. Hapo simtetei hata kidogo. Mwaka 1915 alinusurika meli ya abiria Lusitania ilipozamishwa katika Vita Kuu ya Kwanza, yeye na bintiye Margaret. Kuanzia 1917, akiwa msimamizi mkuu wa chakula Uingereza, alileta mgao wa sukari, nyama na siagi, kila mtu na kadi yake, tajiri kwa maskini. Kwa hilo namheshimu.