Salsa ya kijani bila tomatilo: ninavyoichoma kwenye mbabula (jiko la mkaa) hapa Goma

Dada, umesema umezunguka soko la Kadutu na Nyawera huko Bukavu ukitafuta tomatilo za salsa, ule mchuzi mzito wa Meksiko, ukazikosa, sasa unauliza kama nyanya mbichi za kijani zinafaa. Zinafaa. Huku Goma pia tomatilo hazipo, na salsa ninaitengeneza kila nikipata sambaza nzuri, wale samaki wadogo wa ziwani.

Kwanza ujue tomatilo si nyanya changa. Ni ndugu wa karibu wa lile tunda dogo la njano linalokulia ndani ya ganda jepesi kama karatasi. Ina uchachu wake na utelezi fulani, ndiyo maana salsa ya Meksiko ikipoa hushikana. Nyanya yetu ina maji zaidi na uchachu kidogo. Uchachu utaongezwa na ndimu. Maji dawa yake ni moto.

Chukua nusu kilo hivi ya nyanya zilizokomaa ila hazijaanza kugeuka rangi. Mama wa sokoni atakushangaa, maana kila mtu anamwomba nyekundu. Zile changa kabisa ziache, zina uchungu. Ongeza kitunguu kimoja, punje tatu za ayi (kitunguu saumu), puavro (pilipili hoho) moja ya kijani na pilipili moja. Moja tu! Wamexico wenyewe wanatumia pilipili za jalapeño au serrano, ambazo mbele ya pilipili yetu ya mviringo ni mboga. Puavro ndiyo inayobeba ladha ya pilipili bila kukuchoma.

Sasa makala, yaani mkaa. Subiri mwali uishe kabisa, yabaki mekundu yenye majivu juu, ndipo uweke wavu. Nyanya ziweke nzima, na usizigeuzegeuze. Watu wengi hapa hukosa subira: wanaona doa jeusi wanaondoa. Acha ngozi ibabuke, nyanya ilegee na kuanza kutoa povu pembeni, kisha geuza mara moja. Kwangu huchukua kama dakika kumi na tano. Kitunguu kikate vipande vinene. Ayi choma na maganda yake. Mara ya kwanza niliimenya, ikawa makala kweli, na mdogo wangu akauliza kama nimepika dawa ya minyoo. Pilipili iweke mwisho, tena nje, maana moshi wake utawakohoza hata majirani.

Vikishaiva, vifunike kwenye sahani dakika chache. Puavro imenye, ngozi yake ni ngumu. Ngozi ya nyanya mimi ninaacha nusu, ule weusi ndio ladha ya moshi. Maji yaliyotoka yaweke kando, utayarudisha kidogo kidogo ukiona salsa ni nzito.

Kusaga. Wamexico wana kinu cha jiwe la volkano chenye miguu mitatu, molcajete. Nami mtu wa Goma, ninayeishi juu ya lava ya volkano yetu, Nyiragongo, nikajiona nimeshafika: nikaokota jiwe uani, nikaliosha, nikasaga. Mchanga ulilia kwenye meno mpaka mwisho wa chakula. Baadaye nikajifunza kwamba wao kinu kipya husagia kwanza mchele mkavu, mara nyingi, mpaka vumbi la jiwe liishe. Siku hizi ninatumia kinu cha mbao cha pilipili. Anza na ayi na chumvi, kisha pilipili, kitunguu, mwisho nyanya na puavro, na usiponde mpaka iwe uji. Ukitumia mikseri, acha vipoe kwanza, la sivyo mvuke utarusha kifuniko na ukuta wako utakuwa wa kijani.

Ndimu na majani vinaingia ikiwa imepoa. Majani ni kotimiri, yakatekate mabichi. Ukikosa, seleri kidogo sana. Ladha inakuwa nyingine, lakini mimi siilalamikii. Ukiweka majani mengi ya seleri itakuwa supu.

Rangi haitakuwa kijani kama kwenye picha, itaelekea kahawia. Ndivyo inavyokuwa ikichomwa, usiogope.

Kama huna friji, tengeneza ya siku hiyo hiyo. Kwenye friji yangu hukaa siku tatu, ila mara nyingi haifiki: ndizi za kukaanga siku ya kwanza, na kinachobaki ninakimwaga kwenye maharage kesho yake.