Barua kwa mwanangu: nani asome kabla hujamaliza

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliisoma usiku, nikaona haifai kujibiwa kwa meseji. Umeuliza hivi: tangu uache ajira unaandika peke yako kutwa nzima, asubuhi matangazo na barua za wateja, jioni hadithi zako. Watu wanakushauri utafute wenzio wa kuzungumza nao kazi. Sasa unaniuliza: kwani kuandika si kazi ya mtu mmoja? Na ukiwaonyesha, hawatakuibia wazo? Hawatakuharibia sauti yako?

La wizi ni jepesi, tulimalize. Wazo la ndugu wawili wanaogombea urithi kila mtu analo. Mali yako ni namna utakavyoliandika. Siri za mteja ni jambo jingine. Jina lake na bei aliyokupa vifute kwanza, hata kama anayesoma ni rafiki wa chanda na pete.

Sasa hili la upweke. Nilikuwa na umri kama wako nilipopewa kuandika andiko la kampuni yetu kuomba kazi kwa kampuni moja kubwa. Kurasa nne. Nilijifungia siku tatu. Jioni ya mwisho, jamaa wa meza ya jirani, mtu wa mahesabu asiyependa kusoma hata kidogo, akaniuliza, "Hivi hao watu mnawaambia nini hasa?" Nikamjibu huku navaa koti: "Tunawaambia mizigo yao inachelewa kwa sababu karatasi zinapita mikono mitano, sisi tutazipitisha miwili." Akasema, "Haya, nionyeshe ulipoandika hivyo."

Nikafungua. Ukurasa wa kwanza, historia ya kampuni yetu. Wa pili, dira na dhamira. Wa tatu, jedwali refu. Wa nne, shukrani. Ile sentensi haikuwamo mahali popote. Nikavua koti.

Ona, mama, yule bwana hakunishauri neno. Hakujua kuandika kuliko mimi. Aliuliza tu, na mimi kwa kumjibu nikajisikia nikisema jambo ambalo siku tatu nzima sikulisema. Ukiwa peke yako kichwa kinakuzibia mapengo: unasoma ulichokusudia, si kilichopo kwenye karatasi. Mtu akikaa mbele yako hakuna wa kukuzibia. Ukianza kupiga maneno makubwa unamwona anapepesa macho, basi mwenyewe unashuka.

Kijana mmoja aliliona hili zamani. Benjamin Franklin, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, alikuwa mpiga chapa wa miaka 21 huko Philadelphia alipokusanya wenzake mwaka 1727, wakakiita kikundi chao Junto. Walikutana kila Ijumaa jioni. Usidhani walikuwa wasomi wakubwa: alikuwamo fundi vioo, fundi viatu, seremala, mnakili wa hati. Kila mmoja kwa zamu alileta maswali ya kujadiliwa, na kila miezi mitatu alisoma mbele ya wenzake insha yake mwenyewe. Baadaye wakapiga marufuku kupingana ana kwa ana na kusema kwa uhakika uliopitiliza. Aliyekosea alitozwa faini ndogo. Kanuni hiyo naipenda kuliko zote, maana mabishano ya waandishi nayajua. Na biashara nayo ilinufaika: Franklin alipofungua kiwanda chake cha uchapaji, wenzake hao walimtafutia kazi, na yule mnakili wa hati akampatia sehemu ya kitabu cha historia ya Waquaker, dhehebu la Kikristo, aichape. Walikwisha msikia akisoma na kujadili wiki baada ya wiki, walijua wanamsifia nani.

Kuhusu sauti yako, hofu hiyo siidharau. Hadithi yangu moja niliiua hivyo hivyo. Niliwapa watu saba, nikamtii kila mmoja. Mmoja alitaka mwanzo uwe na vituko, mwingine mzee asife, mwingine mvua ipungue. Nilipomaliza ilikuwa kama muhtasari wa kikao. Kosa halikuwa lao, mimi ndiye niliyepokea dawa zote. Msomaji anajua mahali panapouma, dawa mara nyingi haijui. Siku hizi nina msomaji mmoja ninayempa penseli na kumwomba asiandike neno: aweke nukta tu pale alipokwama, pale alipolazimika kurudi nyuma, pale alipotaka kwenda kunywa maji. Nikimpa na mwingine, nukta zao zikikutana sibishi, narudi pale pale na kutengeneza kwa namna yangu. Anayeniambia "nzuri sana" namshukuru, nafurahi siku nzima, na sina la kufanya nalo.

Kuna jambo hawatakuambia, nimelijua kwa kuchelewa. Barua ya biashara izungumze kabla ya kuiandika. Hadithi iandike kabla ya kuizungumza. Mteja anataka kujua unampa nini, na hilo hupatikana mdomoni haraka kuliko kwenye karatasi. Lakini hadithi ukiisimulia sana, hamu yake inaishia kwenye kusimulia. Watu wakishacheka, huna tena sababu ya kukaa chini. Mimi nina hadithi mbili zilizokufa hivyo, na wasikilizaji wake bado wanazikumbuka vizuri kuliko mimi.

Tafuta watu wawili au watatu, si lazima wawe waandishi. Nawe wasomee kazi zao, tena kwa umakini ule ule, la sivyo watachoka na wewe kimyakimya. Ukiona mmoja anafurahia kukuvunja moyo, mwache kwa heshima.

Lile tangazo ulilonitumia nimelisoma. Nimeweka nukta tatu, mbili ziko kwenye aya ya pili, pale unaposema "huduma jumuishi zenye viwango". Nipigie Jumapili. Usilisome, weka karatasi mbali, kisha nieleze kama unamweleza shangazi yako ni kitu gani hasa unauza, nami nitakuwa naandika huku nakusikiliza.

Baba yako