Ndugu Yako Akisema Alikuwa Amelewa

Katika miaka yangu ya uwakili hapa Tanzania, hakuna maneno niliyoyasikia kwa mahabusu mara nyingi kama haya: "Wakili, nilikuwa nimelewa, sikumbuki chochote." Ndugu zake nao hufika ofisini wakiyarudia, wakiamini kwamba yatamtoa. Ninawaandikia hao ndugu, kwa sababu wao ndio wenye nafasi ya kutafuta ushahidi katika siku za mwanzo, na mara nyingi siku hizo hupotea wakihangaikia dhamana ambayo kwa kosa la mauaji haipo.

Kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinaanza kwa kusema kwamba ulevi si utetezi, isipokuwa pale kifungu chenyewe kinaporuhusu. Kinaporuhusu ni pembamba. Kwanza, mshtakiwa awe hakujua analolitenda kwa sababu alileweshwa bila ridhaa yake, kwa hila au uzembe wa mtu mwingine; hapo huachiwa huru. Pili, ulevi uwe umemtia wazimu, hata kama ni wa muda, na hapo kesi hufuata njia ya mshtakiwa mwenye ugonjwa wa akili, ambayo si njia ya kurudi nyumbani jioni ileile. Dawa za kulevya huhesabiwa kama pombe. Wakenya watakuta maneno yanayofanana sana katika kifungu cha 13 cha Sura ya 63 ya sheria zao.

Wateja wangu karibu wote walikunywa kwa hiari na kwa fedha zao. Kinachowahusu ni kijifungu cha nne, kinachoitaka mahakama iuzingatie ulevi inapoamua kama mshtakiwa alikuwa na nia inayohitajika ili kosa likamilike. Mauaji ya kukusudia yanahitaji dhamira ovu, kama vile nia ya kuua au kujeruhi vibaya, na adhabu yake ni kifo. Ikibaki shaka ya kweli kwamba mtu aliyelewa kiasi kile hakuwa na dhamira hiyo, kosa hushuka kuwa kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake ya juu ni kifungo cha maisha lakini hakimu au jaji anaweza kutoa iliyo chini ya hapo. Hilo ndilo ulevi unaloweza kufanya, na kwa familia ni jambo kubwa, ingawa marehemu naye ana ndugu ambao hakuna hukumu itakayowarudishia mtu wao.

Ninachowaomba muelewe kuliko yote ni kwamba kusahau ni jambo moja na kutojua ni jambo jingine. Mtu anaweza kuamka asubuhi hakumbuki kitu, na bado usiku ule alijua vizuri anachofanya. Mahakama hutazama matendo: silaha gani ilitumika, mapigo mangapi, sehemu gani ya mwili, alisema nini, alifanya nini baadaye. Niliwahi kumtetea kijana aliyeniapia kwamba hakumbuki hata alivyofika nyumbani. Nilipoyasoma maelezo yake ya onyo, yaani yale aliyoyatoa polisi, nikakuta alieleza jinsi alivyoliosha panga kwenye ndoo, akalifuta kwa kanga ya mama yake na kulisukuma nyuma ya magunia ya mahindi. Mtu anayeficha panga anajua kwa nini analificha. Nilimweleza hivyo uso kwa uso, na ilikuwa siku nzito kwetu sote wawili.

Kwa hiyo msimfundishe maneno. Walio naye mahabusu watamfundisha mengi. Ninyi mwambieni amweleze wakili wake ukweli wote mapema. Wala asidai kwamba hakuwepo kabisa kisha, kesi ikigeuka, aseme alikuwepo lakini amelewa, kwani maelezo hayo huuana yenyewe. Ni kweli kwamba mzigo wa kuthibitisha nia ni wa Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, si wake, lakini shaka haizuki hewani. Lazima pawe na ushahidi wa kuizua.

Ushahidi huo hukaa mahali pa kawaida sana. Katika kesi nyingine, mama muuza komoni, pombe ya kienyeji, alikuwa na daftari la madeni, limelowa pembeni, na kwenye jina la mteja wangu aliandika lita saba kati ya saa nane mchana na saa mbili usiku. Alikuja mahakamani nalo, akaeleza pia kwamba jioni ile mteja wangu alikuwa akimwita yeye muuzaji kwa jina la mke wake aliyekwisha kufariki. Waliokunywa naye wawili walisema walimbeba hadi barabarani. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia.

Basi nendeni kilabuni wiki hii, si baada ya upelelezi kukamilika. Mtafuteni aliyemuuzia, aliyekunywa naye na aliyemwona akianguka, andikeni majina na mahali wanapoishi, mmwombe muuzaji asilitupe daftari, kisha ipelekeni orodha hiyo kwa wakili.