Maswali na Majibu: Abiria wapo tele, ndege za masafa marefu ziko wapi?

Wasomaji wa Tanga wametuletea maswali mengi kuhusu tiketi za China na India: nafasi hazipatikani, bei iko juu, na ndege mpya haziongezeki. Tumechagua matano.

Mimi ni mfanyabiashara wa Ngamiani, nachukua mzigo Guangzhou. Air Tanzania ina Dreamliner tatu, zile ndege kubwa za Boeing 787. Mbona safari ya China haipo kila siku?

Chukua kalamu tuhesabu. Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kama kilomita 8,700, yaani saa kumi na ushee angani. Ikitua, inahitaji kama saa mbili za kushusha mizigo, kusafishwa, kujazwa mafuta na kukaguliwa. Kurudi kunachukua muda mrefu zaidi kidogo kwa sababu ya upepo wa mbele, halafu ikifika Dar inakaguliwa tena. Ukijumlisha unapata kama saa 26. Siku ina saa 24, kwa hiyo ndege moja peke yake haiwezi kwenda Guangzhou kila siku, hata isipoharibika kabisa.

Sasa weka Mumbai na njia nyingine juu ya hizo hizo tatu, kisha toa moja iliyoingia karakana. Zinabaki mbili. Kila Dreamliner ya Air Tanzania (ATCL) ina viti 262, kwa hiyo moja ikilala tu, safari nzima ya watu hao inatafutiwa pa kuwekwa, na wewe unayetaka kukata tiketi ya wiki hiyo unaambiwa imejaa.

Serikali ikilipa leo, ndege inafika lini? (Msomaji, Chumbageni)

Si mwakani. Dreamliner ya tatu ilitangazwa Novemba 2021 kwenye maonyesho ya anga ya Dubai, ikatua Dar Agosti 2024. Na hapo ilikuwa ndege moja tu.

Unachonunua hasa ni nafasi kwenye foleni ya kiwanda, na foleni hiyo mashirika makubwa yalishaikalia zamani. Dreamliner zinaunganishwa North Charleston, Marekani. Kuanzia Mei 2021 hadi Agosti 2022 Boeing, kampuni inayozitengeneza, hawakukabidhi karibu ndege yoyote ya aina hiyo, kwa sababu mianya kwenye maungio ya bodi ilikutwa imezidi kiwango. Kiwango chenyewe ni inchi 0.005, unene wa karatasi. Ukubwa huo haukumaanisha ndege itapasuka kesho, ila maungio huchoka mapema kuliko ilivyokusudiwa, ndiyo maana kila moja ilibidi ipimwe na kurekebishwa. Ndege zilizokwama kipindi kile zilisogeza foleni yote nyuma.

Viti navyo ni tatizo ambalo wengi hawalijui. Kila muundo mpya wa kiti, hasa vile vya daraja la biashara vyenye milango, lazima uthibitishwe kwa majaribio ya ajali. Ndege zimekaa zimekamilika, zina injini na rangi ya mwenyewe, zikisubiri viti.

Ukisema basi tununue aina nyingine, nako kuna kusubiri: Boeing 777X, ndege kubwa kuliko Dreamliner, ilizinduliwa 2013 ikiwa na ahadi ya kukabidhiwa 2020. Oktoba 2025 tarehe hiyo ilisogezwa hadi 2027. Ethiopian, shirika kubwa kuliko yote Afrika, iliagiza nane Machi 2024, nayo inasubiri kama wengine.

Kwa nini tusikodi tu? (Msomaji, Pongwe)

Inawezekana, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukodi ndege pamoja na marubani, wahudumu, matengenezo na bima ya mwenye ndege. Wewe unaweka mafuta, unalipa ada za viwanja na za kuongozwa angani. Inapatikana haraka, lakini unalipia idadi ya saa mliyokubaliana hata usipozirusha zote. Inafaa kuziba pengo la miezi michache. Ukiiendesha mwaka mzima inakula faida yote.

Ya pili ni kukodi ndege tupu kwa miaka kadhaa, kwa marubani na mafundi wako. Hapo unaweka amana, unalipa kodi ya kila mwezi, na juu yake unachangia mfuko wa matengenezo kwa kila saa ambayo injini inazunguka. Siku ya kurudisha, ndege inatakiwa iwe katika hali iliyoandikwa kwenye mkataba, na hapo ndipo mashirika mengi huumia: karatasi moja ya kipuri ikikosekana, mwenye ndege hukudai upya. Isitoshe, viwanda vikichelewa, mashirika yenye ndege za kukodi huongeza muda badala ya kuzirudisha, kwa hiyo sokoni zinabaki chache na ghali.

Nasikia ndege nyingine zimeegeshwa tu. Ni uzembe? (Mama wa Makorora)

Mara nyingi ni injini, mama. Dreamliner za ATCL zinatumia Trent 1000 ya Rolls-Royce, ambayo kwa miaka mingi mapanga yake yanayozunguka kwenye sehemu yenye joto kali yamekuwa yakichakaa mapema. Injini inashushwa kabla ya wakati, inapelekwa karakana ya nje, nako kuna foleni. Jirani zetu wa Kenya Airways wana Dreamliner tisa zenye injini za kampuni nyingine kabisa, na bado mwaka 2025 tatu zilikaa chini kwa kukosa injini na vipuri. Theluthi nzima!

Kwa maoni yetu, kabla ya kuomba Dreamliner ya nne, pesa ya kwanza iende kwenye injini ya akiba na stoo ya vipuri Dar. Injini ya akiba huinua ndege ambayo tayari tumeilipia. Ndege mpya utaisubiri miaka.

Nampeleka mzee Mumbai kwa matibabu, tunatoka Pangani. Tujilinde vipi?

Kata safari zote kwenye tiketi moja. Ukinunua vipande viwili tofauti, cha kwanza kikichelewa, shirika la pili halina wajibu kwenu. Acha namba yako mwenyewe kwenye tiketi, si ya wakala, kwa sababu ujumbe wa kubadilisha ratiba huenda kwenye namba hiyo. Kiti cha magurudumu kiombe angalau saa 48 kabla, na uliza mapema kama wanahitaji fomu ya daktari, hasa kama mzee anatumia oksijeni.

Basi la asubuhi ya siku ya safari msilitegemee. Fikeni Dar siku moja kabla. Na miadi ya hospitali iwekeni siku ya pili baada ya kutua, si siku ile ile.