Jibu: Mtoto atajuaje jema na baya bila dini?

Mkuu, umeuliza mtoto asiyefundishwa habari za Mungu wala jehanamu atakuwa na sababu gani ya kutoiba au kutodanganya. Sababu anayo, tena mapema kuliko unavyodhani. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kuwa watoto wengi wa miezi 18 humsaidia mtu mzima wasiyemzoea kuokota kitu kilichomponyoka, bila kuahidiwa zawadi. Mbegu ipo, kazi yako ni kuilea.

Ilee kwa maelezo. Mtoto akimpokonya mwenzake mdoli, usiishie kwenye "acha!" Chuchumaa, mwambie: "Mtazame usoni. Analia kwa sababu alikuwa bado anacheza nao. Sasa tufanyeje?" Kisha nyamaza, mwache ahangaike na jibu mwenyewe. Akiurudisha huku amenuna, sawa tu. Mwanasaikolojia Martin Hoffman aliutetea sana mtindo huu wa kumwonyesha mtoto jinsi kitendo chake kilivyomuumiza mwingine. (Vitisho, kwa maoni yangu, humfundisha zaidi kuchungulia nani anamwona.)

Halafu jiangalie na wewe. Ukimtuma amwambie aliyebisha hodi kuwa hupo, somo la uongo limeshaingia, uwe na dini usiwe nayo. Na ukimkosea, muombe radhi.

Bibi na babu wanaosali usiwafanye maadui. Akiuliza mbona wao wanasali na ninyi hamsali, mjibu ukweli kwa adabu: watu huamini tofauti, naye akikua ataamua.