Kudhibiti si kuzuia tu

Ndugu yangu, unauliza kama "kudhibiti" maana yake ni kuzuia, na kama neno hilo lina undugu na "thabiti". Undugu hayana, ingawa masikioni yanakaribiana.

Dhibiti limetoka Kiarabu, kitenzi dabata, chenye ile "d" nzito ambayo Kiswahili huifanya "dh", kama katika ardhi, kadhi na Ramadhani. Thabiti ina "th" yake tangu kwao, na maana yake ni kusimama imara bila kuyumba. Hapo ndipo wengi hujikwaa, wakaandika "kuthibiti" pale wanapotaka "kudhibiti".

Kwa Waarabu, dabata ni kushika barabara, tena ni kuweka kitu katika kipimo chake: hata kurekebisha majira ya saa hutumia kitenzi hicho hicho. Ofisa wa jeshi wanamwita dabit. Cairo ukiagiza kahawa "mazbut", utaletewa yenye sukari ya wastani. Neno hilo ndilo madhubuti letu, ila sisi tumelivuta upande wa uimara.

Kwa hiyo EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji ya Tanzania, haizuii mafuta yasiuzwe. Inatangaza bei kikomo, biashara inaendelea. Ugonjwa ukidhibitiwa, huenda bado upo, lakini hausambai ovyo.

Ila kwa Kiswahili kurekebisha kitu si kukidhibiti: breki za baiskeli, hizo rekebisha. Ukisema unazidhibiti, fundi atakucheka.