Kupima mapigo ya moyo kwa simu, na vipimo vya kutoiachia simu

Kati ya vipimo vyote vya mwili vinavyotangazwa na programu za simu, simu ya kawaida inakiweza vizuri kimoja: mapigo ya moyo. Upumuaji nao unawezekana, ukiwa na subira. Presha, oksijeni ya damu na joto la mwili vina vifaa vyake.

Kila moyo unapodunda, mishipa midogo ya kwenye ncha ya kidole hujaa damu zaidi na kufyonza mwanga zaidi. Ukifunika kamera na tochi kwa kidole, kamera huona wekundu ukikolea na kufifia, kwa kawaida picha 30 kila sekunde, na programu huhesabu mawimbi hayo. Ndiyo maana matokeo hutegemea sana namna unavyoweka kidole, kuliko programu uliyochagua.

Kaa ukiwa umetulia dakika tano kabla ya kupima, bila kuzungumza. Vidole vikiwa baridi, visugue kwanza, maana mishipa iliyosinyaa haitoi wimbi la kueleweka. Futa lenzi. Kama simu ina lenzi kadhaa, programu hutumia moja tu, mara nyingi iliyo karibu na tochi; ukikosea lenzi, picha kwenye kioo haitajaa wekundu. Tumia upande wa nyama wa kidole cha shahada, funika lenzi na tochi kwa pamoja, na uguse tu. Wengi huharibu hapa kwa kukandamiza wakidhani ndipo kipimo kitakuwa sahihi, kumbe wanaifukuza damu kutoka kwenye ile mishipa inayopimwa. Egemeza kiwiko mezani ili mkono usitikisike. Tochi ikianza kuunguza, toa kidole, simu ipoe.

Pima kwa sekunde 30 hadi 60, na kama programu haionyeshi mchoro wa mawimbi, tafuta nyingine. Namba peke yake haikwambii kama kipimo kilikuwa kizuri. Mchoro mzuri una vilele vinavyofanana; ukiona mistari iliyovurugika, futa namba hiyo hata kama inakufurahisha. Kosa jingine ni namba kuwa maradufu: umetulia kabisa, lakini programu inasoma 140. Wimbi la mapigo mara nyingi huwa na kilele kidogo kinachofuata kile kikubwa, na programu dhaifu huhesabu vyote viwili.

Hakiki kwa mkono. Weka vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu sekunde 60 kamili. Usitumie kidole gumba kuhesabia, kwa kuwa mapigo yake yenyewe yanaweza kukuchanganya. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya mapigo 60 na 100 kwa dakika. Wanariadha wengi huwa chini ya hapo. Ukihisi mapigo yanarukaruka bila mpangilio na hali hiyo inajirudia, nenda ukapimwe ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo. Simu haitoshi kuthibitisha tatizo hilo wala kuliondoa.

Zipo programu zinazosoma mapigo usoni kwa kamera ya mbele. Sizipendekezi. Zinategemea mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi, na melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hufyonza sehemu kubwa ya mwanga huo, hivyo kwa ngozi nyeusi ishara huwa hafifu, hasa chumba kikiwa na mwanga mdogo.

Presha hupimwa kwa mkanda unaoubana mshipa na kuulegeza taratibu. Kidole juu ya kamera hakibani mshipa huo. Usibadilishe dozi ya dawa za presha kwa namba ya simu. Oksijeni huhitaji kulinganisha mwanga mwekundu na wa infraredi, ambao macho hayauoni, na kamera nyingi za simu zina kichujio kinachozuia infraredi. Joto ambalo programu nyingi huonyesha ni la betri.

Kwa upumuaji, lala chali na uweke simu juu ya tumbo. Sensa ya mwendo itafuata kupanda na kushuka. Lakini njia ninayoiamini zaidi ni saa ya simu na macho ya mtu mwingine, kwa sababu ukijua unahesabiwa pumzi, unabadilisha namna ya kupumua. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, kipimo hiki kina uzito kuliko vyote. Mhesabu akiwa ametulia, bila kula wala kunyonya, kifua kikiwa wazi, kwa dakika nzima; pumzi za watoto hazina mpangilio sawa, hivyo kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne hupotosha. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka 5, ni upumuaji wa kasi. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi 2, rudia hesabu mara moja. Ikibaki juu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, usisubiri hata kuhesabu.